Fungua Mlango, Niko Njiani

Jumapili, Aprili 1984. Nyamirambo.

Mvua haijakatika tangu adhuhuri. Mama anaimba huku akishona, na mimi nilikuwa nimeshasahau kwamba anajua kuimba.

Leo nimemdanganya.

Tulikwenda ukumbini kuona sinema ya Kifaransa. Fundi viatu anafunga duka, watoto wanalala na njaa, anaaga kwenda kutafuta kazi mbali. Mama alinishika mkono tangu mwanzo. Baba naye ni fundi, wa nguo. Duka lilipomshinda alibeba cherehani akaenda Bujumbura. Mwaka wa tatu huu, na barua zimekatika.

Mwishoni mke wa fundi anapata barua. Tunasikia sauti ya mumewe ikiisoma, mke anakwenda mlangoni, anatazama barabara. Basi, imekwisha. Kassim kinyozi, anayetutafsiria kila Jumapili, akapaza sauti: "Anasema, fungua mlango, niko njiani!" Watu wakapiga makofi.

Mume hakusema hivyo. Alisema, "Usinisubiri tena." Nilielewa kila neno, kwa Kifaransa ambacho Baba alikilipia kwa sindano yake. Kassim hapendi watu watoke wakilia, ndiyo tabia yake.

Njiani Mama akaniuliza, "Umva, hebu sikia, Zaina, wewe ndiye umesoma. Kweli amesema yuko njiani?"

"Ndiyo, Mama. Hivyo hivyo."

Ni yeye aliyenifundisha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia nyumbani. Tulipofika tu, alifungua sanduku akatoa kanzu za Baba. Kila Idi humshonea mpya, lakini haikunji pindo, maana pindo hupimwa mwenyewe akiwa amesimama. Zimefika tatu.

"Vaa hii," akaniambia. "Baba yako anakuzidi vidole vinne tu."

Akapiga magoti, pini mdomoni. Nilitaka kumwambia, wallahi nilitaka. Lakini nimemkumbuka Baba mno, na kanzu ile ilinuka sanduku tu, haina harufu yake hata kidogo.

Sasa Mama yuko kwenye pindo la pili. Kesho nitamwambia? Nitaanzia wapi, wakati hata mimi mwenyewe sikuweza kusimama sawa nikipimwa?

"Tulia, pindo litakwenda upande," alikuwa akinigombeza. "Unageukageuka nini?"

Nilikuwa natazama mlango.