Kondoo Niliowavusha Mto

KwaDlabe,
9 Oktoba

Kaka yangu Mfanufikile,

Nakusalimu kwa jina la ukoo wetu, Mthiyane. Habari za huko Rustenburg, na kile kikohozi cha vumbi la mgodini kimekuachia? Sisi huku tungali hai. Mama anakula vizuri, ila magoti yanamsumbua asubuhi za baridi. Hajui ninaandika nini, na ukimpigia simu nakuomba usimwambie kabla sijamwambia mwenyewe.

Utakuwa umesikia kwamba ugonjwa wa midomo na miguu umeingia bondeni kwetu. Ulianzia kwa jirani yetu, MaNgubane. Nilikwenda kumwomba chumvi nikawakuta ng'ombe wake wanachuruzika mate, mmoja ameinua mguu hataki kuukanyagia. Yeye alikuwa amekaa juu ya ndoo, akaniambia, "Usiingie zizini, mwanangu. Rudi kwenu, na miguu uioshe." Kesho yake bwana mifugo, Ndwandwe, akatangaza joshoni kwamba mnyama yeyote asivuke mto. Watu wakanong'ona kwamba mifugo yote itapigwa risasi. Ndwandwe alikanusha, lakini nani alimsikiliza?

Kondoo wa baba unawajua. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiwacheka kwa vile vimasikio vyao, ukisema ni panya wenye mikia minene. Mwaka jana Lindelwa, mtafiti wa chuoni, aliwapima akatueleza kwamba kondoo hawa wa asili, wanaostahimili kupe na minyoo, karibu wote wameshachanganywa na madume wakubwa wa mnadani. Dume wetu mwekundu, alisema, ni mmoja wa watatu tu waliobaki wilayani ambao hawajachanganywa. Tangu baba afariki mimi ndiye ninayemfungulia kila asubuhi.

Hofu iliniingia, kaka. Nikifumba macho nasikia bunduki. Jumapili, watu wakiwa kanisani na ukungu umefunika mto, nikamvusha yule dume na majike watatu hadi kwa baba mdogo Mphikeleli. Njia nzima kila kichaka nilikiona mtu. Nilijua ni marufuku. Nilijua pia kwamba huenda nimeubeba ugonjwa wenyewe, nampelekea ndugu wa baba yetu na ng'ombe wake thelathini. Nilijua, na bado nikatembea.

Siku ya tisa mbuzi wa baba mdogo akaanza kuchechemea. Ndwandwe akaitwa, akawakuta kondoo wageni zizini. Boma likafungwa, kila mnyama akatolewa damu, wa huko na wa kwetu. Tukangoja siku kumi na mbili. Hata maziwa ya mgando niliyakataa, mpaka Mama akaniuliza kama nina mimba. Kondoo waliobaki niliwafungua midomo mara tatu kwa siku nikitafuta vidonda.

Majibu yalikuja jana. Damu yote ni safi, na mbuzi alikuwa na mwiba kwatoni. Ndwandwe aliniambia, "Umebahatika, dada. Usidhani utabahatika tena." Kondoo watakaa kwa baba mdogo mpaka mto ufunguliwe, na mimi nitaitwa kujieleza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Siku ile baba mdogo alisimama langoni akaniuliza kibali kiko wapi. Nikamwambia umekipata wewe kwa simu, na kwamba wewe ndiye uliyeagiza nilete kondoo. Akasema, "Kama ni Mfanufikile, sawa," akafungua. Ndwandwe alipouliza nani aliyewatuma, baba mdogo alilitaja jina lako. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, sikusema kitu. Likaandikwa.

Tangu hapo ameapa kwamba Desemba haendi kwa kina Buthelezi kukuombea mke. Amesema, "Aliyeniletea kifo zizini, nikamsemee ukweni?"

Ndwandwe nilimweleza ukweli jana, akalikata jina lako. Baba mdogo bado. Namwogopa kuliko nilivyoiogopa bunduki. Kesho asubuhi nakwenda. MaNgubane atanisindikiza mpaka langoni, ndani nitaingia peke yangu. Ukisoma barua hii nitakuwa nimeshasema. Akikupigia kuhakikisha, usinifunike. Nakujua, ungesema ndiyo, ni wewe, ili nisigombezwe. Safari hii usifanye hivyo.

Nisikudanganye, kondoo ningewavusha tena. Ila jina lako nisingeligusa.

Mama anakusalimu, na MaNgubane pia, ambaye ugonjwa umemwachia ng'ombe wanne. Nguo nzito usiziache ukishuka zamu. Nijibu hata kama ni kwa hasira.

Ni mimi dada yako, niliyelitumia jina lako bila kukuuliza,
Zibuyile