Mtani wa Wodi ya Damu

Nukulevu, Visiwa vya Lau
9 Machi 2009

Kwako Nesi Vasemaca, mtoto wa watu wa milimani wanaoogelea kama jiwe,

Salamu nyingi. Mimi nimefika, mzima wa mwili na mdomo. Mke wangu Kelera anakusalimu, anakushukuru kwa kunirudisha, ingawa alishazoea kulala bila mkoromo. Na wewe je, hujambo? Wenzangu wa vitanda vya dirishani wanakula?

Boti iko nje ya mwamba inapakia nazi kavu, kwa hiyo naandika mbio. Shule mimi niliiona kwa mbali nikaipungia mkono. Herufi nilizipata kwenye kitabu cha nyimbo za kanisani. Ukikuta neno limekaa upande, lisukume.

Nisikilize. Juzi nimechimba kiazi kikuu kimoja, peke yangu, mimi mgonjwa wa saratani ya damu. Watu wanne wamekibeba mpaka kanisani. Mchungaji alipokiona kwenye machela akadhani ni maiti, akaanza kusali. Wallahi sizidishi, labda wabebaji walikuwa watatu.

Jioni tukikaa kwenye bakuli la yaqona, tukinywa yale maji machungu ya mizizi, nawasimulia habari zako. Nimewaambia wazee wenu na wazee wetu wametoka kwa mungu mmoja, ndiyo maana ulikuwa unanitukana huku unanitundikia dripu na hakuna aliyekufukuza kazi. Nimewaambia sindano zako tatu zilivunjika kwenye mkono wangu. Na nimewapa ile ya mashine, uliponiambia kwa uso mkavu, "Mzee, mashine imemwaga damu yako, tumekutia ya nguruwe." Nikakataa nyama ya nguruwe wiki nzima nisije nikamla ndugu! Watu wamelala chini kwa kicheko. Hapa kisiwani wewe ni mtu maarufu sasa, Nesi Nguruwe.

Ule uboho ulionichimba nyongani ukaupeleka Australia kupimwa, umerudi? Nawaambia watu mimi nimeshafika Australia, kwa kipande.

Ni mimi mtani wako,
Babu Emori


Suva
30 Machi 2009

Kwako Babu Emori, mla vichwa vya samaki, mkazi wa jiwe lililosahauliwa baharini,

Hujambo babu? Mama Kelera hajambo na masikio yake? Sisi huku tu wazima. Wodi imekuwa kimya tangu uondoke. Wagonjwa wamepona mara mbili, mara moja kwa dawa na mara moja kwa kutokukusikia.

Kiazi chako nimekisikia. Huku kwetu cha ukubwa huo tunampa mtoto achezee.

Majibu ya uboho bado. Sasa tulia kidogo, haya ni ya kazi. Unakumbuka kila asubuhi nilikuwa nakufungulisha mdomo kama farasi wa mnada? Sikuwa natafuta meno, kwa sababu huna. Nilikuwa naangalia fizi. Sasa mimi sipo, mwambie Mama Kelera aangalie yeye. Fizi zikitoa damu, miguu ikipata madoa ya bluu, au ukipata homa hata ndogo, usinywe majani ya mtu yeyote. Panda boti uje.

Niandikie ukweli, siyo hadithi.

Mtani wako,
mjukuu Vasemaca


Nukulevu
6 Aprili 2009

Mtani wangu Nesi Nguruwe,

Salamu. Natumaini barua hii imekukuta huogopi kitu, labda maji ya kuoga tu. Sisi wazima. Kelera amenifungulisha mdomo kama ulivyomwagiza, akasema harufu peke yake inatosha kuwa ugonjwa.

Unataka ukweli? Chukua. Madoa yapo, mawili matatu kwenye miguu, moja ubavuni. Hayo ni ya dume la nguruwe la jirani. Lilivunja ua, nikaliambia rudi, likanijibu vibaya, tukashikana. Nililitupa upande wa pili wa mto. Mto hatuna, lakini ungekuwepo lingevuka. Fizi zimetoa damu kidogo, hiyo ni kwa sababu ya ule mswaki wako mgumu kama fagio la gatini. Homa sina. Usiku jasho linanitoka, lakini na wewe ungelala karibu na mwanamke kama Kelera ungetoka jasho.

Mchana nalala. Zamani nilidharau watu wa kulala mchana, leo nimegundua kwamba machifu wote ni mabingwa wa kazi hiyo.

Nakutumia kikapu cha taro, yale magimbi yetu. Kimefungwa na mtu mwingine, vidole vyangu vimekuwa vizembe.

Mtani wako,
Babu Emori


Suva
27 Aprili 2009

Kwako mpiga miereka na nguruwe,

Hujambo babu? Taro nimeipokea, nimewagawia hata wale wasiostahili. Nasikitika kwamba nguruwe alikushinda. Ningekuwepo ningemshangilia yeye.

Babu, majibu yamerudi kutoka Australia. Damu yako imeamka tena. Ule ugonjwa tuliokuwa tumeulaza umefungua macho, na hayo madoa siyo ya nguruwe. Kitanda chako cha dirishani nimekiwekea taulo, hakuna atakayelala hapo. Panda boti hiihii iliyoleta barua. Usingoje mwezi ujao. Njoo na Mama Kelera, njoo na nguo moja tu.

Usipokuja nitawaambia watu wote wa milimani kwamba mwanaume wa Lau anaogopa sindano.

Mtani wako,
Vasemaca


Nukulevu
5 Mei 2009

Ewe muongo wa milimani, ewe mtani wangu mpendwa,

Salamu! Umeniweza! Hujambo? Maana sisi huku mbavu zinatuuma.

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya bakuli, watu wote wakisikiliza. Nilipofika "damu yako imeamka" mzee Taniela akatema yaqona yake. "Imeamka? Haijapiga mswaki?" Mwingine akauliza, "Ya Emori au ya nguruwe?" Ukumbi mzima ukafa kwa kicheko. Nikawaambia, "Mnamwona mtani wangu? Mara ya kwanza alinikamata, mara ya pili anataka kunivusha bahari nzima nije nikute wodi yote inanicheka!" Mimi siyo mjinga mara mbili kwa mtu yuleyule. Hata hilo taulo kitandani, eti! Umelipamba vizuri.

Kelera naye alicheka. Baadaye tukiwa nyumbani akaniuliza, "Lakini baba, je kama siyo utani?" Nikamwambia angekuwa hatanii asingeanza na nguruwe. Kulipokucha akaniuliza tena. Wanawake hawajui utani, isipokuwa wewe.

Basi nami nalipiza. Pokea taarifa rasmi: mimi Emori nimeshakufa, nimezikwa jana, msiba ulikuwa mtamu sana. Leteni mikeka na mfike mkilia, watu wa milimani, msipolia vizuri tunawatoza faini.

Haya, boti inapiga honi. Pua imenidondosha damu kwenye karatasi, usidhani ni muhuri.

Marehemu mtani wako,
Babu Emori


Suva
25 Mei 2009

Mzee Emori,

Shikamoo.

Sitanii. Naapa kwa kaburi la mama yangu, sitanii leo na sikutania ile barua iliyopita. Nilianza na nguruwe kwa sababu sijui kuanza nawe kwa njia nyingine. Tulizoeana hivyo. Niliona aibu kukutia hofu kabla ya kukusalimu.

Ile damu iliyodondoka kwenye karatasi nimeiona. Nimekaa nayo chumba cha dawa, nimefunga mlango.

Mzee, hii ndiyo kazi yangu. Daktari anapita, anasema maneno yake, anaondoka. Mimi ndiye ninayebaki kumweleza mgonjwa amesema nini. Miaka yote hii nimewaambia watu wengi, na kila mtu ameniamini isipokuwa wewe, na sababu ni mimi mwenyewe.

Nimeita redio ya zahanati yenu kila siku. Inakoroma tu. Wanasema betri imekufa na nesi wenu yuko likizo ya uzazi. Nimeomba serikalini chombo cha dharura kije kukuchukua, wakaniuliza kama mgonjwa mwenyewe ameomba. Nikasema mgonjwa anacheka.

Desturi yetu unaijua kuliko mimi. Mtani akitaka kitu chako, humnyimi. Sijawahi kukuomba chochote ila taro. Leo nakuomba wewe mwenyewe. Panda boti.

Vasemaca


Nukulevu
2 Juni 2009

Mtani,

Salamu. Hujambo? Hapa tunaishi.

Naandika kwa kupapasa, hapa mchangani, ubao wa kukunia nazi ndio meza. Barua yako ilisomwa na Kelera kwa sababu macho yangu siku hizi yana ukungu. Alipofika "shikamoo" nikamwambia ngoja, rudia hapo. Mtu wa milimani aniamkie mimi shikamoo? Hapo nikajua. Hayo mengine hakuwa na haja ya kuyasoma.

Taniela alikuwepo. Hakutema kitu.

Basi nimekubali. Umeniomba, nikasema chukua, ingawa ni bidhaa iliyochakaa. Kelera akafunga nguo moja kama ulivyosema. Vijana wakanibeba mpaka kwenye mashua, na mimi niliwaambia nyie mnabeba kiazi kikuu, msikiangushe. Tukatoka. Mtani, bahari kama ya leo mimi sijaiona tangu kimbunga cha utoto wangu, na hapo sizidishi hata tone. Ngazi ya boti inapanda juu ya vichwa vyetu, inashuka chini ya miguu yetu. Wakajaribu kunishika, mkono wangu ukaachia. Vidole, si nilikwambia. Tukarudi. Tukajaribu tena, wimbi likaijaza mashua, mimi nikatapika damu, nahodha akapiga kelele kutoka juu, "Mrudisheni mzee, mtamuua!" Kijana Jope akauliza, "Na tusipompandisha?" Nahodha akaagiza mfuko wa barua.

Boti bado ipo, inangoja mfuko wa barua tu. Jope atauogelesha mgongoni. Kwa hiyo karatasi hii itapanda, mimi nimeshindwa. Nimefanya kazi baharini miaka yote, leo karatasi imenizidi.

Usiwalaumu watu. Wala usijilaumu. Mimi ndiye niliyewachekesha.

Sasa na mimi naomba, na huwezi kuninyima. Usiniandikie tena barua kama ile. Ile ilinitisha kuliko ugonjwa. Niandikie matusi, kama kawaida, mengi. Boti ijayo iyalete.

Mtani wako,
Babu Emori


Suva
29 Juni 2009

Kwako Babu Emori, mzee uliyeshindwa kupanda ngazi, mwanaume wa Lau unayezidiwa na karatasi,

Hujambo wewe? Mama Kelera hajambo? Mimi mzima, nimenenepa kwa kicheko. Habari zako zimefika milimani kwetu, wanatunga wimbo.

Nimekutumia boksi. Najua hujui kusoma maandishi ya dawa, kwa hiyo nakueleza kama ninavyomweleza mbuzi. Vidonge vyeupe vikubwa ni vya homa, kwa sababu mwili wako ni wa moto kama majungu ya kwenu. Ile chupa ndogo ya kahawia ni ya maumivu. Mama Kelera atie kijiko cha chai kimoja ulimini. Akiona bado unasema uongo, basi haijafanya kazi, asubiri yapite masaa manne aongeze kingine. Mswaki utupe, ulikuwa unakuonea. Mdomo usukutue kwa maji ya chumvi vuguvugu, chumvi kwenu si ndiyo mboga? Pua ikitoa damu, inamisha kichwa mbele, bana sehemu laini ya pua, unyamaze. Najua kunyamaza ndiko kutakakokushinda. Mto uwe mrefu, miguu ipakwe mafuta ya nazi, mtu akushike mkono. Huyo anayekushika asiwe Taniela, mikono yake haijaoshwa tangu uhuru.

Kitanda chako nimempa mtu mwingine. Ni msichana wa shule, hajui kutukana hata kidogo. Namfundisha.

Chombo cha dharura niliomba tena, nikasema mgonjwa mwenyewe ameomba. Wakasema nitapigiwa simu. Simu yangu naiweka mfukoni mwa gauni, na nikiosha mikono naiweka juu ya sinki, naitazama, kama mjinga. Hilo nalo licheke.

Boti inaondoka kesho asubuhi. Sikuambii njoo. Nimeandika matusi yote niliyonayo, ukiyamaliza niandikie niongeze.

Mama Kelera, msomee polepole. Na kila pale pa kucheka, simama kidogo, umngoje.

Mtani wako,
mjukuu Vasemaca