Vinyago vya Wavu Wangu

Jumamosi, mwezi 4, Mfunguo Tano
Nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili na manahodha wote walionifundisha bahari. Juya langu, wavu wa kukokota, watu wa hifadhi ya bahari wamelipiga marufuku. Sikuwapa. Nimelitundika darini. Leo nimekuna nazi, nimeinua kichwa, juya limekatwa! Ni Mwanahawa, binti yangu aliyerudi na talaka. Anafinyanga uso wake kwa udongo, analaza wavu na gundi tabaka juu ya tabaka, ukikauka anabandua. Vinyago vitatu ukutani. Vyote yeye.

Jumatatu, mwezi 6
Vinanitazama nikinywa chai. Kisicho na mdomo nani?
"Binti yako huyo, baba."
Kilichopakwa liwa ya urembo?
"Mke wa mtu."
Cha tatu mdomo wazi. "Huyo mimi."
Watu watatu, kichwa kimoja! Na nyumba yenye masanamu malaika hawaingii. Nimeapa mbele ya jirani, Bi Zuhura: Wallahi silali paa moja na vinyago hivi. Kiapo changu hakijawahi kuvunjika. Uliza Mafia nzima.

Jumatano, mwezi 8
Nalala banda la jikoni, uani. Moshi. Panya. Mvua imeniingilia. Sitoki. Mwanahawa kaleta uji, kisha kafunga virago. Atapanga chumba Kilindoni, yeye na vinyago vyake. "Mzee halali nje, nitoke mimi." Naogopa. Nyumba bila yeye ni kaburi lenye mlango. Lakini nimeapa.

Alhamisi, mwezi 9
Mwanahawa kaenda kwenye mwani. Bi Zuhura kapita: "Shikamoo, bwana jikoni! Pua unayoikimbia ya nani ile?"
Nimeingia. Nimevaa cha tatu, nikasimama kiooni. Kimenikaa. Pua yangu. Paji langu. Wanaosema kafanana na mamake waongo.
Nimevaa na kile kisicho na mdomo, cha binti yangu. Joto. Pumzi haina pa kutokea. Nimekivua upesi.
Mwanahawa aliporudi nimemwambia afungue virago. Nalala chumbani, vinyago ukutani.

Jumatatu, mwezi 13
Nimefunga. Kafara ya kiapo nilichokivunja. Kulisha maskini kumi siwezi, basi siku tatu. Msikitini wanadhani nafunga sunna ya siku nyeupe za katikati ya mwezi. Wananisifu. Nimewaacha.

Jumatano, mwezi 15
Saumu ya mwisho. Nimemshushia Mwanahawa juya lililobaki. Nimemwambia kile cha binti yangu akitoboe mdomo. Kasema ataona. Kapika muhogo wa nazi, tumefuturu.
Kwamba kiapo nimekilipa, shahidi Bi Zuhura. Alinisikia naapa. Leo kaniletea tende, hakucheka.