Trekta la Kijivu Nililomchagulia Bosi

Al-Naseem, Riyadh

Kwa Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, wewe na Mama. Natumai barua hii inawakuta wazima, na kwamba goti lako limepunguza ubishi. Mimi mwili ni mzima. Hayo mengine nitakueleza.

Naandika kwa sababu sote tunajua jinsi simu zetu zinavyokwenda: mimi napiga kelele huku mpaka madam anachungulia dirishani, wewe kule unanijibu, "Ndiyo, mvua imenyesha." Trekta la shamba la mzungu lilikula masikio yako. Barua anaileta Barasa, mlinzi wa ghala la jirani. Kafili wake, yaani mwajiri anayeshikilia karatasi zake, amemwachilia. Mpe chai, lakini usimuulize mengi kunihusu. Ana machozi ya karibu.

Baba, sitafika kabla ya msimu wa kulima. Nimelitanguliza hilo ili usisome yanayofuata ukilitafuta. Sasa sikia kisa chenyewe.

Unajua kazi yangu ni udereva wa nyumba: watoto shuleni, madam sokoni, bosi kwa shemeji zake kule Malaz. Bosi na shemeji hao wana kiwanja nje ya mji wanakopumzika Ijumaa. Mwaka huu waliona kwenye simu watu wa ng'ambo wakishindanisha matrekta madogo ya zamani kuvuta mizigo, nao wakashikwa na wazimu huo huo. Wakapatana kila mtu atafute lake, liwe dogo, liwe kuukuu, na liwe la bei rahisi, maana hakuna aliyetaka mkewe ajue ametupa pesa ngapi. Bosi wangu anachojua kuhusu trekta ni kwamba lina magurudumu. Nikajigamba kwamba baba yangu amezeekea juu ya trekta na kwamba mimi nimelelewa hapo hapo. Mdomo huu, Baba! Hapo ndipo nilipojifunga kamba.

Tukaenda Jeddah, kwenye yadi ya mitambo ya zamani. Njiani nilimkumbusha kwamba mkataba wangu umekwisha na pasipoti yangu iko kabatini mwake. Akacheka, akanipiga begani.

"Simiyu, likishinda, halas, unaenda kwa baba yako. Wallahi."

Aliapa, Baba. Na mimi nikamwamini, kwa kuwa kwetu mtu haapi hivi hivi.

Yeye alifikia kwa nduguye, mimi nikafikia Al-Hindawiyah, kwenye chumba cha walinzi Wakenya. Anayewapikia ni Bi Zuhura, Mzanzibari wa makamo ya Mama. Nilipomweleza kilichonileta, aliweka mwiko chini.

"Mchagulie bovu, mwanangu."

"Kwa nini, Bi Zuhura?"

"Ukimchagulia zuri hutoki ng'o. Mie nilipika pilau moja tu ya harusi, wakasema Zuhura haendi popote. Si unaniona, nipo hapa."

Nilicheka, Baba. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyechoka.

Kesho yake asubuhi, jua halijaanza kuchoma, tulionyeshwa matatu. La kwanza lilikuwa jekundu, rangi mpya inang'aa, na bosi akalipenda papo hapo. Nikaweka kiganja kwenye injini kama ulivyonifundisha. Ilikuwa ya moto, na hakuna aliyeiwasha mbele yetu. Nikajua wamehangaika nalo alfajiri mpaka likakubali. Nikafungua kifuniko cha oili, nikakuta oili ina rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia. La buluu lilinguruma vizuri, lakini gia ya kwanza ilikuwa inaruka. La tatu lilikuwa la kijivu, kiti kimechanika, kutu kila mahali, na bei yake haikufika hata nusu ya lile jekundu. Injini yake baridi. Likakohoa, likatoa moshi, kisha likatulia likiunguruma polepole. Sauti ile ile ya trekta letu la nyumbani, Baba. Nusura nilie mbele ya watu.

Pale ningeweza kunyamaza. Bosi alikuwa ameshatoa pochi kwa ajili ya lile jekundu. Lakini sikuweza kumwacha mtu anunue ugonjwa huku nauona. Hukunilea hivyo. "Baba," nikamwambia, maana ndivyo tunavyowaita huku, "hili la kijivu ndilo."

Siku ya mashindano nilifanya kama ulivyokuwa ukifanya tukivuta magogo. Nilifunga vyuma vizito puani ili lisiinuke, nikapunguza upepo wa magurudumu ya nyuma, nikafunga mnyororo chini. Mzigo ulikuwa bamba la chuma lililojaa matofali ya saruji. Matrekta ya shemeji zake yaliinua pua, yakachimba mchanga, yakazima. Letu lilitambaa tu, bila haraka, mpaka kwenye mstari. Bosi alinikumbatia mbele ya watu wote. Nami niliposhuka, akilini nilikuwa nimekwisha kufunga mizigo.

Juma lililofuata aliniita, uso wote tabasamu, akanipa bahasha. Nikajua ni pasipoti. Nilipofungua nikakuta ikama mpya, kibali cha kukaa huku miaka miwili zaidi.

"Na safari, baba?"

"Mafi safari, hakuna. Ukienda, trekta ataendesha nani? Shemeji zangu tayari wanakutaka. Sikuachii."

Aliyasema hayo kwa mapenzi, na hilo linaniuma kuliko matusi. Siku hizi madam ananiongezea nyama kwenye sahani. Nikiuliza tena naambiwa inshallah. Nikitoroka nitakuwa mtu asiye na karatasi, na wenzangu waliotoroka nimewaona walikoishia. Wanasema mvumilivu hula mbivu, lakini mimi hata mti wenyewe siuoni.

Basi nisikilize. Najua Mwalimu Wekesa, jirani yetu, haachi kuliulizia trekta letu, nawe kila mara unamjibu kwamba ni la Simiyu. Shamba limelala misimu miwili kwa kuwa goti lako haliwezi kukanyaga klachi, na unanisubiri mimi. Usinisubiri tena, Baba. Muuzie. Mpatane tu kwamba alime shamba letu kwanza, ndipo alipeleke kwake.

Msalimie Mama, mwambie kitambaa chake anacho Barasa. Nilikinunua nikidhani nitamletea mwenyewe. Msalimie dada yangu Nekesa na mumewe, na mjomba wa kinu cha kusaga.

Siku Mwalimu atakapokuja, usilipake rangi, wala usiliwashe kabla hajafika. Mwache aliguse likiwa baridi.

Mwanao,
Simiyu