Mkono Bila Glavu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Innerfalz, Tirol, 17 Februari 2019

Jina: Walburga Klotz
Umri: miaka 52
Kazi: mfugaji wa ng'ombe wa maziwa
Makazi: Innerfalz, nyumba iliyo upande wa juu wa kanisa

Mnamo tarehe 16 Februari 2019, asubuhi, mimi na mume wangu Romed tulipanda mlima kwa skii, zile mbao za kutembelea na kutelezea thelujini. Usiku upepo ulikuwa umerundika theluji mpya chini kidogo ya kilele. Tulipoikanyaga iliguna kama sakafu ya mbao iliyooza, tukakubaliana kupita mmoja mmoja ili uzito wetu usiiporomoshe. Tulifika juu salama, tukapeana mikono chini ya msalaba wa kileleni, kama ilivyo desturi.

Ndipo tukamwona jirani yetu, Vinzenz Falkner, akipanda kwa njia yetu. Yeye na Romed hawajasalimiana miaka tisa kwa sababu ya uzio wa malisho, na mimi pia nimemnunia. Lakini kwetu hakuna anayenyimwa mkono kileleni. Vinzenz alipotutambua alisimama katikati ya mteremko. Nadhani alitaka kugeuka arudi. Romed akavua glavu, akaanza kumshukia. Nilimwambia asubiri, ila mume wangu kusubiri hajui.

Upepo ulikuwa umetulia, nikasikia kila neno. Vinzenz alisema, "Baki huko, Romed. Theluji hii haitubebi wawili."

Romed alicheka. Alimpita, akasimama chini yake kidogo, akanyoosha mkono. "Huku juu hatununiani, mkaidi wee. Leta mkono."

Vinzenz akaanza kuvua glavu yake. Hapo hapo ufa ukapita katikati yao, na upande wote wa mlima ukaondoka, kimya kwanza, kama kitambaa cha meza kinachovutwa pamoja na vyombo vyake. Kisha ukanguruma. Nilikuwa namwona mume wangu akimezwa, na bado nilistaajabu. Sijawahi kuona kitu kikubwa na kizuri namna ile, Mungu anisamehe.

Vinzenz alibaki juu ya ufa. Theluji iliyobaki juu yake ingeweza kushuka wakati wowote, naye hakungoja. Aliteremka na kifaa chake cha kutafutia waliofukiwa. Nilipofika alikuwa anachimba. Kilichojitokeza kwanza ni ule mkono usio na glavu. Vinzenz akatupa koleo, akaushika kwa mikono miwili.

"Haya, Romed," alisema. "Nimeupokea."

Tukachimba hadi usoni. Alikuwa anapumua.

Kijijini wanasema Vinzenz aliikata theluji makusudi kwa skii zake ili imporomokee mume wangu. Romed yuko hospitali na bado hajaweza kuzungumza, kwa hiyo nasema mimi: ni uongo. Alimwonya, kisha akamfukua. Nami sijamshukuru bado.

Nimesomewa niliyoyasema, nayo ndiyo niliyoyaona.

Sahihi: W. Klotz

Yameandikwa na mimi, Inspekta Leonhard Thaler. Shahidi alizungumza kwa hiari, akalia mara moja. Bw. Falkner alikuwa nje akisubiri zamu yake ya kuhojiwa. Alipotoka, shahidi alimwendea, akavua glavu kabla ya kumpa mkono.