Neno Nililomwambia Mwero

Msambweni,
7 Juni 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, kaka Timothy na watoto wake, na kwamba goti lako halikusumbui sana kwa mvua hizi. Mimi sijambo. Kazi ya uuguzi naendelea nayo, na samaki wa nazi sasa nampika mwenyewe.

Nina kisa, Mama. Ukiwa na kikombe mkononi, kiweke chini kwanza.

Mwezi uliopita aliletwa zahanatini kwetu mama mmoja wa Munje, Bi Kache. Alikuwa na jipu pajani, siku tatu hajalala kwa maumivu. Tulilipasua, tukampa dawa, akalala fofofo. Alasiri akaja mwanawe, Mwero, kwa baiskeli, na chupa ya chai. Aliniuliza mamake yu hali gani. Nami kwa furaha nikamjibu, "Mama amepumzika."

Akaiweka chupa chini polepole, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Nilidhani anashukuru. Nikamwitikia, "Amina."

Hazikupita saa mbili nikasikia vilio barabarani. Wanawake wamejitanda leso, wanaume wamebeba jeneza la msikitini, na Mwero mbele yao, macho mekundu. Kelele zilimwamsha Bi Kache. Akakaa kitako, akaniuliza ni nani aliyekufa, nimpe leso yake naye akahani. Mwero alipoingia na kumwona, aliketi sakafuni akicheka na kulia pamoja. Wale waliokuwa wakiomboleza wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia, nikijua kazi sina tena.

Aliyeniokoa ni Bi Kache. Aliniita, akaniketisha kitandani pake, akanifundisha mbele ya watu wote. Huku kwao mtu akipumzika, ndiyo basi. Aliyelala husemwa kapata usingizi. Maumivu yakipungua kidogo, ashekali. Akiweza kula, kapata afueni. Mzima ni yule aliyeanza tena kugombana na majirani. Pole ni ya kila siku, hata ya kujikwaa, lakini aliyefiwa huambiwa makiwa. Nilipouliza kwa nini maneno yote hayo, alinijibu kwamba hata mimi sitoi kidonge kimoja kwa kila ugonjwa.

Jumamosi yake nikaalikwa nyumbani kwao. Mchele ulionunuliwa kwa matanga ulipikwa pilau, tukala hadi tukashindwa kuinuka. Jirani yao, Dzombo, alikuwa amekwisha kulichimba kaburi hadi usawa wa magoti; Bi Kache akaamuru lipandwe mgomba. Kila aliyefika alipelekwa kulitazama.

Tukiwa tunanawa mikono, Mwero aliniambia kwamba siku ile, juu ya baiskeli, kifo chenyewe hakikumuuma kama kufikiri kuwa mamake alikufa yeye akiwa mbali. Hapo nilikukumbuka wewe, Mama.

Basi nikuambie nililolificha miaka miwili. Baba alipolazwa, ile Machi, ni mimi niliyekuambia amepata nafuu, nenda nyumbani ukapande mahindi. Haikuwa kweli, na nilijua. Daktari alikwisha kutuambia, Baba na mimi, kwamba siku zilikuwa chache. Baba mwenyewe ndiye aliyeniomba niseme vile. Hakutaka umwone akihangaika kupumua. Alitaka ukumbuke asubuhi ile alipokutania kwamba umevaa viatu vya Timothy, mkacheka hadi wauguzi wakaja. Akaniapisha nisikuambie.

Kila mwaka nakusikia ukisema ulimwacha peke yake. Hukumwacha, Mama. Alikutuma. Nami nilikuwa nimemshika mkono hadi mwisho. Aliniuliza kama mvua imenyesha upande wetu. Nikamwambia imenyesha, na wewe uko shambani unapanda. Akatabasamu, Mama. Akafumba macho akiwa anatabasamu.

Nisamehe kwa kuficha, na Baba anisamehe kwa kusema. Nimepewa likizo Agosti. Nitakuja, na lolote utakaloniambia nitalipokea nikiwa nimekaa karibu nawe.

Nisalimie Timothy na wanawe, na wenzako wote wa kanisani. Bi Kache anakusalimu sana, na ameniwekea nazi kumi za kukuletea.

Ni mimi bintiyo akupendaye,

Roselyne