Wavuvi na Wachungaji

Jumamosi, Musoma

Sijawahi kumwambia mtu kwamba jeshi langu sikulipenda.

Kaka Wambura alifinyanga majeshi mawili ya udongo kwa ajili ya mchezo wetu wa vita vya mezani, Wavuvi na Wachungaji. Wachungaji walikuwa na ng'ombe wadogo wenye pembe za miiba. Niliwatamani tangu siku ya kwanza, lakini nilidhani yeye anawapenda zaidi, nikasema nachukua Wavuvi. Nimecheza nao miaka mitatu.

Leo tulikuwa kijijini Mwitongo kugawa vitu vya marehemu Wambura. Shati lake la kanisani lilipata mtu, na baiskeli pia. Mwishoni baba mdogo akaniwekea boksi mbele.

"Chagua jeshi moja, mwanangu. Jingine litakuwa la Bhoke."

Bhoke ni binamu yetu wa Bunda, alikuwaga anacheza na Wambura likizo. Niliponyoosha mkono kwa Wachungaji, Bhoke akacheka huku machozi yanamtoka.

"Hatimaye! Wambura aliniambiaga, 'Mdogo wangu anawaangalia ng'ombe wangu kama fisi. Mimi mwenyewe nawataka Wavuvi, ila nasubiri aseme.'"

Kumbe alikuwa ananisubiri. Na mimi muda wote huo nimekaa kimya, kama kawaida yangu, kama...

Niliwarudisha Wachungaji kwenye boksi, nikampa Bhoke. Nikachukua Wavuvi. Nilipofika nyumbani Kitaji niliwapanga mezani, upande aliokuwa anakaa Wambura.